Kliniki ya mkojo baada ya upasuaji wa tezi dume: maoni ya mgonjwa

Ukifanyiwa upasuaji wa tezi dume, kazi haiishi siku unapotolewa mpira wa mkojo. Kwa baadhi yetu ndiyo kwanza inaanza, na kwa maoni yangu hapo ndipo huduma nzuri inapojulikana. Nimetibiwa katika kliniki ya mkojo ya hospitali moja ya rufaa huku kaskazini, nami naandika kuisifu kwa jambo moja hasa: hawakunipa dawa mpaka walipojua wanatibu nini. Majina ya hospitali na zahanati nayaacha makusudi. Humu nina sifa na nina lawama, na ninaowalaumu hawapo hapa kujieleza.

Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa Tanga mjini, umri umeshapita sitini na tano. Kwa miaka mingi mkojo ulikuwa ukinisumbua kama unavyowasumbua wazee wengi: unachelewa kuanza, unakatika katikati, unamaliza halafu unahisi bado upo. Vidonge vya tamsulosin, vya kulegeza njia ya mkojo, vilinisaidia kwa muda mrefu, kisha vikashindwa. Usiku mmoja mkojo ukafunga kabisa, nikakimbizwa hospitali kuwekewa mpira. Baada ya hapo ushauri wa daktari ukawa mmoja tu, tezi ikatwe.

Upasuaji wenyewe sina la kuulalamikia. Ganzi ya mgongo, uko macho, unasikia wanavyoongea. Hawapasui tumbo. Wanapitisha chombo chembamba kwenye njia ya mkojo, na waya wa umeme unaikata tezi vipande vidogo vidogo ambavyo huoshwa na kutolewa nje. Ukirudi wodini unakuwa na mpira wa njia tatu, maji ya chumvi yanaingia kwenye kibofu na kutoka mchana na usiku, na manesi wanaangalia rangi ya mfuko mpaka wekundu upungue. Siku mpira ulipotoka nilikojoa kwa nguvu niliyokuwa nimeisahau tangu ujana. Nilimpigia simu mke wangu palepale.

Taabu ilikuja nyumbani. Mkojo ulikuwa unachoma kama umetiwa pilipili, hasa mwisho wa haja. Halafu hamu ya kukojoa ikawa inanivamia ghafla, niko mashineni na kitambaa cha mtu mkononi, nikichelewa kusimama kidogo tu nguo imeshalowa. Usiku ndiyo usiseme. Nikaogopa hata kunywa maji, na kumbe ukipunguza maji mkojo unakolea na kuchoma zaidi. Karatasi ya ruhusa niliyotoka nayo wodini ilikuwa na mistari michache ya Kiingereza na vifupisho vya kidaktari. Hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba mchomo huu huwapata wengi baada ya upasuaji huu, wala kwamba unaweza kukaa wiki kadhaa. Hiyo naihesabu dosari ya wodi ya upasuaji, na nimewaambia kwa mdomo wangu.

Nikaenda zahanati ya karibu. Mkojo kwenye kikopo, kijiti kikachovywa, rangi ikabadilika. Nikaambiwa chembe za usaha zimejaa, una UTI kali, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Nikapewa sipro, antibiotiki ya vidonge (ciprofloxacin). Zikaisha, mchomo uko palepale. Nikarudi, kijiti kikachovywa tena, chembe bado zipo, safari hii sindano. Baadaye sipro tena, za milligramu kubwa zaidi. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kupasuliwa, na hakuna aliyesema mkojo ukaoteshwe maabara kwanza kuona kama kuna bakteria. Katikati ya dozi hizo kisigino kikaanza kuuma kwa nyuma, pale kwenye kano nene inayopanda juu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo nikadhani ni uchovu wa kazi.

Kijana wangu ndiye aliyeniambia nirudi hospitali nilikopasuliwa, lakini nisiende wodini, niende kliniki ya mkojo. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Kabla ya kumwona daktari unapita kwa sista. Nikamkuta binti wa umri wa watoto wangu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Hakuniuliza naumwa nini. Aliuliza nilipasuliwa lini, kisha akasema, "Baba, naomba uniwekee hapa dawa zote ulizokunywa tangu hapo." Bahati mke wangu alikuwa ameyatia maboksi yote kwenye mfuko. Akawa anayasoma moja moja na kuandika. Alipofika kwenye sipro akainua uso: "Baba, visigino vinauma?" Nilishangaa, maana nilikuwa sijamwambia mtu. Akanieleza kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuumiza kano, na sisi tuliopita sitini tuko hatarini zaidi; wapo ambao kano imekatika kabisa. Daktari alizisimamisha siku hiyohiyo.

Kisha wakaotesha mkojo. Hiki ndicho kipimo ambacho ningependa kila mzee akijue. Unanawa, unaacha mkojo wa mwanzo upite, unakinga wa katikati kwenye chombo kisafi kutoka maabara. Wanauweka wakitazama kama kuna bakteria wataota, na wakiota wanajaribiwa na dawa mbalimbali ijulikane ipi inawaua. Majibu hayatoki siku hiyo, na bei yake ni kubwa kuliko ya kijiti. Lakini nikijumlisha sipro, sindano na nauli za kwenda zahanati na kurudi, kuotesha kungekuwa rahisi mara kadhaa.

Majibu yangu: hakuna kilichoota.

Daktari akageuza karatasi akachora. Pale tezi ilipokatwa pamebaki shimo lenye kidonda kibichi. Hakifungwi bandeji, na mkojo unapita juu yake kutwa kucha. Ngozi mpya ya ndani huchukua wiki 6 mpaka 12 hivi kukifunika. Muda wote huo sehemu ile imevimba na inawaka, na mwili unapeleka chembe nyeupe za damu kama sehemu ya kuponya. Chembe hizo, ndizo zile walizoziita za usaha, zinatoka na mkojo. Kijiti kinaziona, lakini hakiwezi kusema zimekuja kwa sababu ya bakteria au kwa sababu ya kidonda. Mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tezi anaweza kuwa nazo kwa wiki nyingi, hata miezi mitatu, bila maambukizi yoyote. Nilikaa kimya nikikumbuka vile vikopo vyote.

Akanisomea pia majibu ya vipande vya tezi vilivyopelekwa maabara, ambavyo hakuna aliyekuwa amenisomea. Hakuna saratani. Imeandikwa kuna uvimbe wa kuwaka wa muda mrefu ndani ya tezi, jambo linaloonekana mara nyingi sana kwenye tezi zilizokua. Akasisitiza kwamba maneno yale hayana maana ya kwamba nina maambukizi ya kutibiwa. Nasema haya kwa sababu najua wazee waliopewa karatasi ile mkononi, wakaisoma kwa msaada wa mjukuu, wakaenda kununua antibiotiki wenyewe.

Isieleweke kwamba UTI baada ya upasuaji haipo. Ipo, na inaweza kuwa ya hatari. Sista aliniandikia kwa Kiswahili, kwa mkono wake, mambo ya kunirudisha hospitali bila kungoja tarehe: homa yenye kutetemeka, korodani kuvimba na kuuma, mkojo kufunga, damu nzito yenye mabonge. Kuhusu damu alifafanua kwamba wiki ya pili hivi baada ya upasuaji gaga la ndani hubanduka na mkojo unaweza kuwa mwekundu kidogo. Hapo unapumzika na kunywa maji. Ikiwa nzito, au mabonge yanaziba, unakwenda. Karatasi ile nimeibandika ukutani karibu na kalenda.

Waliniuliza pia kuhusu kichocho. Nimekulia kijijini Muheza, utotoni tulikuwa tunaoga mtoni, na kichocho cha kibofu ni ugonjwa wa kwetu huku pwani. Wakataka mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, saa ambazo mayai ya minyoo hao hutoka kwa wingi. Hayakuonekana. Nilipenda kwamba walifikiri juu yake.

Halafu kikaja kipimo cha kasi ya mkojo. Chumba kidogo, kiti chenye tundu, chini ya tundu kuna chombo kilichokaa juu ya mashine. Sista anatoka, unafunga mlango, unakojoa kama kawaida yako bila kujikamua. Mashine inachora mstari kwenye karatasi: unapanda, unashuka. Wangu ulipanda vizuri na kufika mililita 19 kwa sekunde. Walinieleza kwamba ukivuka 15 njia ina nafuu, ukishindwa kufika 10 panatiliwa shaka, na kwamba lazima uwe umetoa angalau mililita 150 ndipo kipimo kiaminike. Baada ya hapo nikapimwa kwa utrasaundi kuona kilichobaki kwenye kibofu. Kilikuwa kidogo tu.

Umuhimu wa mstari ule niliuelewa zaidi kwa jirani yangu. Yeye alipasuliwa kwa tumbo, hospitali nyingine, kwa kuwa tezi yake ilikuwa kubwa mno. Alikuwa mzima kwa miezi, kisha mkojo ukaanza kuwa mwembamba tena na kuchoma, na yeye akawa analishwa antibiotiki kwa UTI. Nikamleta kliniki. Mstari wake ulikuwa umelala chini, haupandi. Kumbe njia ya mkojo ilikuwa imepata kovu ikabana. Ilibidi ifunguliwe kwa kifaa, na vidonge visingelifungua kovu hata angekunywa mwaka mzima. Dalili zake na zangu zilifanana kwa maneno, kilichotutenganisha ni kile kipimo cha dakika chache.

Kwangu njia ilikuwa wazi, mkojo hauna bakteria, sasa kwa nini nakimbilia chooni? Jibu likawa kibofu. Kwa miaka mingi kilikuwa kinasukuma dhidi ya tezi iliyoziba, msuli wake ukanenepa na kuwa mwepesi wa kushtuka. Mlango umefunguliwa lakini chenyewe bado kina tabia ya zamani, na kidonda kinachowaka jirani yake kinakichokoza zaidi. Kwa wengi hupungua polepole katika miezi ya mwanzo.

Nikapewa daftari. Kila nikikojoa nipime kwenye jagi la plastiki lenye mistari, niandike saa na kiasi, na nilichokunywa. Mke wangu alininunulia jagi langu peke yangu na kuliandika kwa kalamu nene lisije likachanganywa na la unga wa maandazi. Siku za kwanza nilikuwa natoa mililita 80, 100, 120, wakati kibofu cha mtu mzima kinaweza kubeba 300 na zaidi. Tena daftari likafichua kitu ambacho mimi nisingekisema: kahawa. Tanga kahawa ya kibarazani ni maisha ya mtu, unakaa na wenzako magharibi, vikombe vinafuatana na kashata. Saa zangu mbaya kabisa zilikuwa zinafuata kahawa na chai ya rangi. Sista hakunikataza baraza. Alisema, "Baba nenda ukakae nao, kunywa kikombe kimoja mapema, halafu maji." Naendelea hivyo.

Mazoezi alinifundisha yeye pia. Unakaza misuli ya nyonga kama mtu anayezuia upepo, unashikilia, unaachia, bila kukaza tumbo wala mapaja. Hamu ikija ghafla usikimbie. Simama au kaa, kaza mara kadhaa haraka, hamu itapungua, ndipo utembee kwa utulivu. Mwanzoni unaona haiwezekani. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa naweza kumaliza mshono wa upande mzima wa kanzu kabla ya kunyanyuka.

Lililoniumiza roho kuliko mchomo ni matone. Unamaliza, unajisafisha, unafika mlangoni, tone linatoka. Kwa mtu anayeswali hili ni zito. Nilikuwa nimeacha kwenda msikitini nikiswali peke yangu chumbani, na sikumwambia mtu sababu. Sista aliniuliza bila aibu, na kwa heshima: "Baba, matone yanakutoka baada ya haja?" Akanifundisha kubonyeza kwa vidole nyuma ya korodani na kuvuta taratibu kuelekea mbele, ili mkojo uliobaki kwenye mkunjo wa njia utoke palepale chooni. Sisi Waislamu tuna istibrai, yaani kutoa mkojo uliobaki baada ya haja, lakini sehemu ile ya nyuma nilikuwa siijui. Matone yamepungua sana kwa hilo pekee. Nilikwenda pia kwa sheikh wetu, naye akanithibitishia kwamba asiyeweza kuzuia mkojo ana udhuru: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe baada ya wakati wa swala kuingia, kwa kila faradhi, na aswali. Nimerudi kwenye safu yangu. Wazee wenzangu wanaojificha majumbani kwa jambo hili, ulizeni, msikae na uzito huo peke yenu.

Dawa nilipewa ya aina moja, ya kukituliza kibofu, baada ya hayo yote. Inakausha mdomo na inaweza kufunga choo, na kujikamua chooni hakufai kwa mtu mwenye kidonda ndani, kwa hiyo papai na mboga zimekuwa za kila siku. Nilitumia kwa muda, sasa daktari anaipunguza.

Kuna jambo la ndoa ambalo wodi ya upasuaji ililitaja kwa sentensi moja, nikiwa nimelala kwenye kitanda cha magurudumu. Baada ya upasuaji huu wanaume wengi shahawa hazitoki mbele tena, zinarudi kwenye kibofu na kutoka baadaye na mkojo. Haina madhara kwa mwili, na nguvu kwa wengi hubaki kama ilivyokuwa. Lakini mtu anatakiwa kuambiwa akiwa amekaa, mapema, pamoja na mkewe akipenda, maana kuna wanaotaka bado kuzaa. Kliniki walitukalisha sote wawili na kutueleza vizuri. Mke wangu aliuliza maswali kunizidi.

Sasa lawama kwa kliniki yenyewe, maana zipo. Choo cha wagonjwa ni kimoja na ufunguo anao mlinzi wa getini. Kliniki ya mkojo! Nimeona mzee wa heshima akilowa akiwa amesimama kwenye foleni ya ufunguo, na watu wakitazama pembeni kumsitiri. Hilo ni la kurekebishwa kesho asubuhi na halihitaji bajeti. Namba zinatolewa alfajiri na wanaotoka mbali kama Lushoto au Handeni wanalala mjini kuziwahi. Mashine ya kasi ya mkojo hulala ikikosa karatasi. Dawa ya kibofu haikuwepo dirishani nikanunua nje kwa bei iliyoniuma. Na sista huyu mmoja ndiye anayebeba kliniki nzima. Siku akiwa likizo, maswali yote niliyoyaeleza hapa hayaulizwi na mtu. Uongozi ungemwongezea mwenzake na kuyaandika maswali yake yakawa utaratibu wa kudumu.

Hali yangu leo: mchomo umekwisha, usiku naamka mara moja, siku nyingine siamki, hamu ya ghafla huja nikipatwa na baridi au nikizidisha chai. Kisigino kimepona taratibu.

Kama wewe au baba yako mmetoka kwenye upasuaji huu na mkojo unachoma huku kila kijiti kinasema UTI, nendeni mahali wanapootesha mkojo na kupima kasi yake. Chukueni maboksi ya dawa zote mlizokwishatumia, karatasi ya upasuaji, na majibu ya vipande vya tezi. Kama hamjawahi kupewa majibu hayo, yadaini. Ukiwa na antibiotiki unayoendelea nayo, sema kabla mkojo haujachukuliwa, kwa kuwa inaweza kuzuia bakteria kuota na majibu yakadanganya. Na mnywe maji njiani, kwa sababu kibofu kitupu hakipimiki, mtaambiwa mkae mngoje kijae.